Bruno Gutmann: Mwalimu Aliyekubali Kufundishwa

1. Milima miwili

Ndugu msomaji, simama Usa River asubuhi wakati hakuna mawingu. Utaona milima miwili. Karibu yako upo Mlima Meru. Mbali kidogo, upande wa mashariki, upo Kilimanjaro na theluji yake.

Wameru na Waarusha wanalima kwenye miteremko ya Meru. Wachaga wanalima kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mashamba yao yanafanana. Utakuta migomba, kahawa, maharage, na majani ya ng'ombe. Lugha ya Wameru na lugha ya Wachaga ni za jamii moja.

Habari hii ni ya mgeni aliyetoka Ulaya akaja kukaa na wakulima wa Kilimanjaro. Jina lake ni Bruno Gutmann. Alikuja kufundisha. Lakini kabla ya kufundisha, alikaa chini akafundishwa na wazee wasiojua kusoma wala kuandika.

Ili tuelewe kazi yake, inafaa tuanze na jambo lililotokea Meru kabla yeye hajafika.

2. Damu ya Akeri

Mwaka 1896 nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, vijana wawili walifika Akeri, katika nchi ya Wameru. Majina yao yalikuwa Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walikuwa wamisionari wa chama cha Leipzig, mji wa Ujerumani. Walitaka kujenga nyumba na kuhubiri dini.

Hawakuwa na jeshi lao. Lakini wakati huohuo afisa Mjerumani aliyeitwa Johannes alikuwa karibu na mahali hapo pamoja na askari wake. Watu wa Meru na Arusha waliona Wazungu na bunduki. Wangejuaje kwamba Mzungu huyu ni wa dini na yule ni wa vita? Kwao wote walikuwa kundi moja, nao walikuja kuchukua nchi.

Usiku mmoja wapiganaji walivamia kambi. Ovir na Segebrock waliuawa, pamoja na wasaidizi wao Wachaga.

Kisasi kilikuwa kikali. Johannes alirudi na askari wake, pamoja na wapiganaji wengi kutoka Kilimanjaro. Watu wengi waliuawa. Ng'ombe walichukuliwa. Migomba ilikatwa. Mkulima anajua maana ya kukatiwa migomba. Maana yake ni njaa.

Vita havikuishia hapo. Mwezi wa Machi mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi. Walinyonga na viongozi wengine pamoja naye, wakiwamo wa Meru. Mwaka huohuo boma la Wajerumani lilikuwa linajengwa Arusha.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1902, wamisionari walirudi Meru na kufungua kituo cha Nkoaranga. Mwaka 1904 walifungua kingine Ilboru, karibu na Arusha. Na ni katika mwaka 1902 Bruno Gutmann alipofika Kilimanjaro.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Mgeni huyu alikuja wakati watu bado wanalia. Rangi yake ilikuwa rangi ya wale waliowanyonga viongozi. Lugha yake ilikuwa lugha yao. Nani angemwamini?

3. Kijana wa Dresden

Bruno Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden, Ujerumani. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Akiwa kijana alifanya kazi ya ukarani. Baadaye aliingia katika chuo cha misheni huko Leipzig, akasoma miaka kadhaa.

Wakati ule Ujerumani ilikuwa inabadilika haraka. Viwanda vilijengwa kila mahali. Watu waliacha vijiji vyao wakaenda mijini kutafuta kazi. Huko mjini mtu aliweza kuishi nyumba moja na mwenzake asijue hata jina lake. Akiugua, hakuna wa kumwuguza. Akifa, hakuna wa kumlilia. Gutmann aliyaona hayo kwa macho yake, nayo yalimwuma moyo.

Mwaka 1902 alitumwa Afrika ya Mashariki. Safari haikuwa rahisi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 tu. Kwa hiyo siku zile msafiri alitembea kwa miguu siku nyingi, porini na juani, mpaka alipouona mlima.

Gutmann alikaa Machame. Alipelekwa pia Mamba na Masama. Mwaka 1908 alirudi kwao kwa muda. Mwaka 1910 alikuja Old Moshi, katika kijiji cha Kidia. Hapo ndipo alipokaa miaka mingi kuliko mahali pengine pote. Ni katika nchi hiyohiyo ya Old Moshi Mangi Meli alikonyongwa.

4. Kuanza na lugha

Mgeni asiyejua lugha ni kama mtoto. Hawezi kuomba maji. Hawezi kutoa pole msibani. Anacheka pasipo kuchekwa, na ananyamaza pale anaposubiriwa aseme.

Gutmann aliamua kujifunza Kichaga, tena si Kichaga cha sokoni tu. Alitaka Kichaga cha wazee, chenye methali na mafumbo. Kazi hiyo haikwisha kwa mwaka mmoja wala miwili. Aliendelea kujifunza muda wote aliokaa mlimani. Mwishoni alijua lugha hiyo vizuri hata akatafsiri Agano Jipya kwa Kichaga cha Old Moshi.

Wewe uliyesoma darasa la watu wazima unajua jambo hili. Mtu mzima akianza kujifunza huona haya. Anaogopa kuchekwa na watoto. Gutmann naye alikuwa mtu mzima, tena mwenye elimu. Lakini alikubali kusahihishwa.

5. Maisha ya kila siku

Maisha ya Kidia yalikuwa maisha ya mlimani. Asubuhi kuna ukungu na baridi. Nyumba zimo ndani ya migomba, kila ukoo na kihamba chake. Maji yanapita katika mifereji iliyochimbwa na mababu. Wanawake wanakata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani.

Kazi ya mmisionari haikuwa kuhubiri Jumapili peke yake. Palikuwa na shule ya kuangalia, walimu wa kuwasaidia, na wanafunzi wa ubatizo. Wagonjwa walikuja kutafuta dawa. Watu wenye ugomvi walikuja kutafuta ushauri. Palikuwa na majengo ya kutengeneza na barua za kuandika. Tena palikuwa na njia za kupanda na kushuka, kwa maana mlimani hakuna njia tambarare.

Gutmann hakuwa peke yake. Alikuwa na mke wake, Elisabeth, ambaye naye aliacha kwao akaja kuishi ugenini. Walikuwapo pia walimu Wachaga. Bila walimu hao kazi isingeendelea hata mwezi mmoja. Hao ndio waliojua nani ni ndugu wa nani, nani amefiwa, na nani hasalimiani na nani.

Lakini kazi iliyomfanya Gutmann ajulikane duniani ilikuwa nyingine. Ilikuwa kazi ya kukaa na wazee, kuuliza, kusikiliza na kuandika.

6. Wazee wanamfundisha

Wakati ule Wazungu wengi waliamini kwamba Waafrika hawana sheria, hawana historia, wala hawana mafundisho. Gutmann alipowasikiliza wazee aliona kwamba hilo ni kosa kubwa.

Aliona kwamba Wachaga walikuwa na sheria za ardhi. Walikuwa na sheria za ndoa, za urithi, na za kukopeshana ng'ombe. Walijua jinsi ya kuhukumu na jinsi ya kupatanisha. Mtu aliyemkosea mwenzake aliweza kumpelekea jani la isale kuomba msamaha. Aliyeletewa jani hilo aliona vigumu sana kukataa.

Aliona pia kwamba vijana walifundishwa kwa mpango. Wazee waliwafundisha jinsi ya kuwaheshimu wazazi, kutunza mke na watoto, na kukaa na jirani. Mafundisho hayo hayakuwamo katika kitabu. Yalikuwa vichwani mwa wazee. Tena yalikuwa marefu sana.

Chukua mfano mmoja alioandika. Mtu alipotaka kukata mti wa kuchongea mzinga wa nyuki, hakuukata ovyo. Mwenye mti aliuaga kama baba anavyomwaga binti yake anayekwenda kuolewa. Waliokuja kuukata walikuwa kama watu wa upande wa mume. Mti ulikwenda kwao kama bibi arusi. Kwa njia hiyo watu walikumbuka kwamba mti una thamani, na kwamba kuukata si mchezo.

Gutmann aliyaandika hayo yote. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya mawazo na mashairi ya Wachaga. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria zao. Kati ya mwaka 1932 na 1938 alitoa vitabu vitatu vyenye mafundisho ya wazee kwa vijana. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimpa shahada za heshima kwa kazi hiyo.

Lakini tuseme kweli. Nusu ya heshima ile ilikuwa ya wazee. Yeye alishika kalamu. Maneno yalikuwa yao. Wazee wale hawakujua herufi hata moja, na bado walimfundisha mtu wa vitabu. Kutojua kusoma si sawa na kutojua kitu.

7. Ukoo, jirani na rika

Gutmann aliona kwamba mambo matatu yaliwashika Wachaga pamoja.

La kwanza ni ukoo. Mtu wa ukoo hakuachwa afe njaa.

La pili ni ujirani. Watu waliotumia mfereji mmoja wa maji waliutengeneza pamoja. Mfereji ukibomoka, wote walitoka na majembe. Asiyekuja kazini alikuwa na deni kwa wenzake.

La tatu ni rika. Vijana wa rika moja walilindana. Vitani walisimama bega kwa bega, ngao ya huyu ikimkinga na yule.

Wamisionari wengine waliona mambo haya kuwa ya kizamani. Walitaka Mkristo ajitenge nayo. Gutmann alifikiri tofauti. Alisema katika maandishi yake kwamba kanisa lijengwe juu ya misingi hiyo. Kwa hiyo vijana waliojiandaa kwa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo, kwa mfano wa wenzi wa ngao. Kila mmoja alikuwa na wajibu wa kumwangalia mwenzake. Mmoja akikosa, mwenzake aliulizwa. Mmoja akiugua, mwenzake alikwenda kumwona.

Wachaga walimheshimu kwa sababu hiyo. Walimpa jina lenye maana ya mzee wa Wachaga. Jina kama hilo mtu halinunui dukani.

8. Vita vinamwondoa

Mwaka 1914 vita vya kwanza vya dunia vilianza. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Moshi na Arusha. Wajerumani wakawa watu walioshindwa. Mwaka 1920 Gutmann alifukuzwa nchini pamoja na wamisionari wengine Wajerumani.

Wengi walifikiri kwamba kazi itakufa. Haikufa. Walimu wenyeji waliishika. Walifundisha, waliongoza ibada, na waliwatembelea wagonjwa. Jambo hilo lilitokea Kilimanjaro, likatokea na Meru. Watu ambao zamani waliitwa wasaidizi walionyesha kwamba wanaweza kuongoza.

Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na Gutmann naye akarudi Old Moshi. Lakini watu hawakuwa walewale tena. Walikuwa wamejitegemea miaka mitano. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wenyeji wa kanisa hilo la kaskazini walibarikiwa.

Hili ni funzo kwa kila mtu anayejitolea kusaidia wengine. Kazi njema ni ile ambayo wewe ukiondoka inaendelea. Kazi inayokufa ukiondoka ilikuwa yako, haikuwa yao.

9. Mahali alipokosea

Habari ya mtu ikisemwa upande mmoja tu si habari kamili. Gutmann alikuwa na makosa yake.

Aliipenda mila kiasi kwamba aliogopa mambo mapya. Hakupenda miji. Aliogopa fedha na biashara, kwa sababu alikumbuka jinsi viwanda vilivyovunja ujirani kule kwao. Alitaka Wachaga wafundishwe kwa Kichaga, na hakukipenda sana Kiswahili.

Lakini vijana wa Kilimanjaro walikuwa na haja zao. Walitaka kuuza kahawa kwa bei nzuri. Walitaka Kiswahili ili waelewane na watu wa makabila mengine. Walitaka Kiingereza ili waelewane na serikali. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao. Rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, mtu aliyepata elimu yake kwenye misheni. Vijana walichukua elimu ya misheni, wakaenda nayo mbali kuliko walimu wao walivyotarajia.

Je, vijana walikosea? Tazama yaliyotokea Meru baadaye. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru huko Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru waliungana kama mila ilivyowafundisha, ukoo kwa ukoo, wakachanga fedha. Lakini umoja peke yake haukutosha. Walihitaji mtu wa kupeleka kesi yao mbele ya dunia. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Mwanasheria wao alikuwa Earle Seaton, naye ni mgeni aliyetoka kisiwa cha Bermuda. Kwa kazi hiyo palihitajika barua, sheria, na lugha za kigeni.

Kwa hiyo mila ilihitajika, na elimu mpya ilihitajika. Gutmann aliona vizuri la kwanza. La pili hakuliona vizuri.

Tena kuna jambo jingine. Vitabu vyake vilichapishwa Ujerumani, na sehemu kubwa iliandikwa kwa Kijerumani. Wazee walitoa hazina yao, lakini wajukuu wengi hawakuweza kuisoma. Mtu wa Kidia aliyetaka kujua babu yake alisema nini, alipaswa kwanza kujua lugha ya mgeni.

10. Mwisho wa safari

Mwaka 1938 Gutmann aliondoka Kilimanjaro. Alikuwa na umri wa miaka 62. Mwaka uliofuata vita vya pili vya dunia vilianza, na hakurudi tena kufanya kazi mlimani. Alikaa katika kijiji cha Ehingen, Ujerumani, akiendelea kuandika. Alifariki tarehe 17 Desemba 1966, akiwa na umri wa miaka 90. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa imekwisha pata uhuru wake miaka mitano.

Aliishi na Wachaga kwa miaka mingi ya maisha yake ya utu uzima. Alikuja katika nchi iliyotawaliwa kwa nguvu na watu wa taifa lake. Yeye mwenyewe alilindwa na utawala huo, na jambo hilo hatuwezi kulificha. Lakini katika wakati ule ambapo wengi walikuja kuamuru, yeye aliketi akasikiliza.

Siku hizi pia wageni wanakuja Arusha, Meru na Kilimanjaro kujitolea. Wengine wanakaa wiki mbili, wengine mwaka mzima. Wanafundisha shuleni, wanajenga madarasa, wanasaidia zahanati. Tuwakaribishe, maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini tusiwaachie wao tu kazi ya kuuliza na kuandika.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kuandika. Katika kijiji chako yuko mzee anayejua nani alichimba mfereji, mpaka wa shamba uliwekwaje, na dawa gani inatoka katika mti gani. Mzee huyo hatakuwapo siku zote. Gutmann alitoka Dresden akaja kuwauliza wazee wa Kidia. Wewe unahitaji tu kuvuka uzio. Chukua daftari na kalamu. Nenda ukakae naye. Andika kwa lugha ambayo wajukuu zako wataisoma.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu wa Meru na Arusha hawakuweza kutofautisha wamisionari na askari mwaka 1896?
2. Wazee wa Kidia hawakujua kusoma. Walimfundisha nini Gutmann?
3. Walimu wenyeji walifanya nini Gutmann alipofukuzwa mwaka 1920?
4. Gutmann aliogopa mambo mapya. Je, ninyi mnaonaje? Mila gani za kijiji chenu zifaa kushikwa, na zipi zifaa kuachwa?
5. Mchague mzee mmoja wa kijiji. Mwulizeni habari ya jambo moja la zamani. Kila mmoja aandike aliyoyasikia, kisha msomeane darasani.